Ugonjwa wa Fizi Uliokomaa, na Matibabu Yake kwa Kisu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, na mwanachama aliye ofisa wa afya ya kinywa)



Bwana Katibu aliponiandikia kuniomba niseme juu ya afya, nadhani alitazamia malaria, au shinikizo la damu, ambayo kila mtu katika ukumbi huu ana habari zake. Nikamjibu ya kuwa ningependa kusema juu ya fizi. Jibu lake lilichelewa wiki mbili, nami namsamehe, kwa maana fizi si jambo ambalo watu hulitafutia hotuba. Lakini, wazee wangu, iko sababu, na sababu yenyewe imo katika shughuli za alasiri ya leo.

Kanuni za mfuko wetu wa maradhi, katika sehemu ya meno, zasema ya kuwa Chama kitamlipia mwanachama gharama ya kung'oa jino, na kitamsaidia nusu ya gharama ya meno ya bandia. Hazina neno hata moja juu ya kuliokoa jino ambalo lingali kinywani. Katika mwaka huu unaokwisha, wanachama wawili walileta barua za daktari wa meno wakiomba wasaidiwe gharama ya kupasuliwa fizi. Kamati ilizikataa barua zote mbili, na katika kumbukumbu imeandikwa ya kuwa matibabu hayo ni mambo ya urembo. Mmoja wa wale wawili amekwisha kung'olewa meno manne tangu hapo, na Chama kimelipa bila ya swali, maana kung'oa kumo katika kanuni. Wa pili angali anangoja. Leo mtapiga kura kama kanuni hiyo ibadilishwe au iachwe ilivyo. Kabla ya kura nataka mjue kisu hicho hufanya kazi gani, humfaa nani, na ni nani ambaye tukimlipia tutakuwa tumetupa fedha za Chama.

Yafaa niseme pia ya kuwa katika jambo hili mimi si mtu asiye na upande. Mama yangu mzazi aling'olewa meno 11 kwa siku mbili, alipokuwa na umri wa miaka 46. Nilikuwa kijana wa shule, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Aliyemng'oa alimwambia ya kuwa yote yamelegea na hayana kazi tena. Hakumpima, hakumpiga picha, hakumwuliza kama fizi zake zimepata kusafishwa hata mara moja. Nakumbuka vizuri ya kuwa meno mengine yalitoka kama karanga inavyotoka katika ganda lake, lakini matatu au manne yalimkatalia kabisa, akayavuta hadi jasho likamtiririka shingoni. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikijifunza kazi hii, nililikumbuka jasho lile na nikaelewa maana yake. Jino ambalo mfupa wake umekwisha halimtoi mtu jasho. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akila uji na viazi vilivyopondwa, na kila alipocheka alijifunika mdomo kwa ncha ya leso. Meno ya bandia alinunuliwa, akayaweka katika kikombe dirishani, na humo ndimo yalimokaa.

Basi na tuuangalie ugonjwa wenyewe. Kila jino limesimama katika shimo lake ndani ya mfupa wa taya, na baina ya mzizi na mfupa ziko nyuzi laini nyingi sana zinazolishika jino, mfano wa kamba zinazoishika nguzo ya hema. Ufizi umelizunguka jino kama ukosi wa shati. Juu ya jino, kila siku, hujitanda ukoga laini, ambao ni jamii kubwa za vijidudu vilivyoshikana. Ukoga huo usipoondolewa huanza kushika chokaa iliyomo katika mate, ukawa mgumu kama magamba ya sufuria ya chai, na hapo mswaki hauuwezi tena. Ufizi ukikaa karibu na uchafu huo huvimba, huwa mwekundu, na hutoka damu ukiguswa.

Mwaka wa 1965 Harald Löe, mtaalamu kutoka Norwe, pamoja na wenzake walichapa habari za jaribio walilolifanya katika mji wa Aarhus, nchi ya Denmaki. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wakiwa wanafunzi wa utabibu wa meno, walikubali kuacha kabisa kupiga mswaki. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa wiki moja hivi. Tangu siku hiyo hakuna haja ya kubishana juu ya mdudu wa meno, au upepo, au maji ya baridi. Damu itokayo katika fizi wakati wa kupiga mswaki mara nyingi sana ni ukoga, na katika hatua hiyo ugonjwa hurudi nyuma kabisa.

Lakini iko hatua ya pili, na hiyo ndiyo iliyotuleta hapa. Katika baadhi ya watu uvimbe hauishii katika ufizi. Huteremka kando ya mzizi, zile nyuzi zikakatika, na mfupa ukaliwa kidogo kidogo. Baina ya jino na ufizi hufanyika kifuko, na ndani ya kifuko hukaa ukoga mgumu, usaha, na vijidudu vya namna inayopenda mahali pasipo hewa. Jambo baya ni ya kuwa haumi. Mtu hukaa nao miaka 15 asihisi ila harufu ya kinywa, na chakula kinachokwama, na meno ya mbele yanayoanza kuachana. Akija kwangu kwa ajili ya maumivu, mara nyingi ni jipu la ufizi, na nusu ya mfupa imekwenda. Mfupa uliokwenda haurudi wenyewe.

Nimesema katika baadhi ya watu, na neno hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Shirika la Afya Ulimwenguni katika taarifa yake ya mwaka 2022 lilikadiria ya kuwa ugonjwa mkali wa fizi umewapata watu zaidi ya bilioni 1, yaani kama asilimia 19 ya watu wazima wa dunia. Löe na wenzake waliwafuata wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai katika Sri Lanka, tangu mwaka 1970 hadi 1985, watu ambao hawakuwa na daktari wa meno wala hawakupiga mswaki kwa desturi ya kisasa. Fizi za wote zilikuwa na uvimbe. Hata hivyo asilimia 11 hawakuendelea zaidi ya uvimbe, asilimia 81 walikwenda polepole, na asilimia 8 walikwenda mbio sana, hata kufika umri wa miaka 45 walikuwa wamekwisha meno yote. Na hapa kwetu Kenya, Baelum, Fejerskov na Manji waliwakagua watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika Wilaya ya Machakos, wakachapa matokeo mwaka 1988. Walikuta ukoga na damu karibu katika kila kinywa, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umewaangukia watu wachache, na katika meno machache ya watu hao. Wengi walizeeka na sehemu kubwa ya meno yao.

Wazee waliokuwa wakituambia ya kuwa kuzeeka ni kung'oka meno walikuwa wakihadithia waliyoyaona, lakini hesabu za Machakos haziwaungi mkono. Na mhazini wetu naye apumzishe moyo: kisu hiki hakihitajiwi na kila mwanachama. Wanaokihitaji ni wachache, nao hujulikana kwa kupimwa.

Kupimwa kwenyewe ni rahisi. Tunacho kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Hupitishwa taratibu baina ya ufizi na jino, mahali sita kwa kila jino. Ufizi mzima hupokea milimita 1 hadi 3. Milimita 4 au 5 ni kifuko. Milimita 6 na zaidi ni kifuko kirefu, ambacho mswaki hauwezi kufika chini yake, wala kifaa changu cha kukwangua hakifiki kwa hakika. Pamoja na hayo hupigwa picha ya eksirei ili kuuona mfupa, na kila jino hutikiswa kuona kama limelegea. Mtu atakayewaambia ya kuwa fizi zenu zinahitaji kupasuliwa, au meno yenu kung'olewa, bila ya kuyapima hayo, mwombeni kwa adabu ayapime, na akikataa chukueni kofia zenu.

Sasa, kisu hakiji kwanza. Kwanza mgonjwa hufundishwa kusafisha, na hasa kusafisha katikati ya meno, mahali ambapo mswaki haupiti, kwa uzi au kwa viburashi vidogo. Wale wanaotumia mswaki wa mti, kama baba zetu walivyofanya, waendelee, maana mti mzuri ukitafunwa vizuri na kupitishwa kila upande husafisha. Kosa huwa ni kusugua meno ya mbele tu huku ukizungumza na jirani. Kisha ukoga mgumu hukwanguliwa juu ya ufizi na chini yake, na mizizi husafishwa mpaka iwe laini, kwa sindano ya ganzi ikiwa kuna maumivu. Baada ya hapo tunangoja. Fizi hupewa majuma kadhaa, kwa kawaida yapata miezi 3, ndipo hupimwa tena mahali palepale. Vifuko vingi hujifunga vyenyewe katika muda huo. Nimeona mtu aliyekuja na vifuko 40 akabaki na 6. Ni kwa ajili ya hivyo vinavyobaki, vya milimita 6 na zaidi, vinavyotoka damu bado, ndipo daktari wa fizi hufikiri juu ya kisu.

Kazi iliyo kubwa na ya kawaida kuliko zote ni ile ya kuufunua ufizi. Mnaweza kuifananisha na kukunjua upindo wa kanzu ili kutoa vumbi lililokaa ndani, kisha kuushona tena. Leonard Widman wa Uswidi alichapa maelezo yake juu ya njia hiyo mwaka 1918, na mwaka 1974 Ramfjord na Nissle, huko Michigan nchini Marekani, walieleza njia iliyopunguza ukataji na kuulinda ufizi zaidi, ambayo madaktari wangali wakiifuata kwa mageuzi madogo. Mgonjwa hukaa macho. Huchomwa sindano ya lidokeini, dawa ya ganzi iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943, iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili damu isitoke nyingi. Daktari hukata kwa kisu chembamba kufuata shingo za meno, akauinua ufizi kutoka katika mfupa, na sasa, kwa mara ya kwanza, aona kwa macho yake kile ambacho mimi nilikuwa nikikitafuta kwa kupapasa gizani. Huondoa nyama iliyooza, hukwangua mizizi ikawa safi, huosha kwa maji ya chumvi, halafu huurudisha ufizi mahali pake na kuushona. Sehemu moja ya nne ya kinywa huchukua kama saa moja au zaidi kidogo. Mgonjwa hurudi nyumbani kwa miguu yake siku ileile.

Wengine huniuliza juu ya maumivu. Ganzi ikiisha, kuna maumivu ambayo dawa za kawaida huyatuliza, na uvimbe ambao huzidi siku ya 2 au ya 3 ndipo hupungua. Hula vyakula laini. Mahali palipopasuliwa hapapigwi mswaki kwa muda wa wiki mbili hivi. Badala yake husukutua kwa dawa ya klorheksidini mara 2 kwa siku, nayo hutia meno rangi ya kahawia na huharibu ladha ya chai, mambo ambayo hupita. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14. Kuvuta sigara katika siku hizo ni kulitonesha jeraha kwa makusudi.

Ziko kazi nyingine za kisu, nitazipitia kwa haraka. Iko ya kuukata ufizi uliozidi. Baadhi yenu mnatumia dawa za shinikizo la damu za jamii ya nifedipini, na dawa hizo kwa watu wengine huukuza ufizi hata ukafunika meno. Vivyo hivyo fenitoini, dawa ya kifafa. Mtu huyo asiache dawa yake kwa shauri lake mwenyewe. Amwendee daktari aliyempa, huenda akabadilishiwa, na ufizi uliozidi ukapunguzwa. Iko pia ya kuuchonga mfupa uliobaki na mabonde na vilima, ili ufizi ulale sawa. Na katika magego, ambayo yana mizizi 2 au 3, ugonjwa ukishafika mahali mizizi inapoachana, kama panda ya mti, pale hapasafishiki kabisa. Basi daktari aweza kuukata mzizi mmoja ulioharibika na kuiacha mingine ikilichukua jino. Kazi hii hutaka jino litibiwe pia kiini chake, na gharama yake huongezeka. Nisingeishauri kwa kila gego.

Kazi ya kuukuza mfupa upya ndiyo inayotajwa sana siku hizi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Tangu mwaka 1982, Nyman, Lindhe na wenzao wa Gothenburg walipoonyesha ya kuwa utando ukiwekwa chini ya ufizi huizuia nyama ya ufizi isiteremke upesi, na kuzipa nafasi nyuzi za jino kuota tena, madaktari wamepata matumaini mapya. Hutumia utando, au unga wa mfupa wa kupandikizwa, au dawa ya majimaji inayopakwa juu ya mzizi. Matumaini hayo yana mipaka. Njia hii hufaa pale mfupa ulipoliwa kwa kuchimbwa, ukaacha shimo lenye kuta, la kina cha milimita 3 au zaidi. Pale mfupa ulipoteremka wote pamoja, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, hakuna kuta za kushika kitu, na hapo njia hii haifanyi kazi. Yeyote atakayemwahidi mwanachama wetu ya kuwa atamrudishia mfupa wote aulizwe kwanza shimo liko wapi.

Jambo lingine katika hili linahusu dini na dhamiri zetu. Unga wa mfupa waweza kutoka katika taya la mgonjwa mwenyewe, au kwa mtu aliyefariki, au kwa ng'ombe, au kutengenezwa kiwandani. Utando wa namna fulani hutokana na ngozi ya nguruwe au sehemu za ng'ombe, na ile dawa ya kupaka juu ya mzizi, inayojulikana sana, hutolewa katika meno machanga ya nguruwe. Nimewaona ndugu zetu Waislamu walioambiwa habari hii baada ya kazi kwisha, wakahuzunika sana. Kuuliza si utovu wa heshima. Mwulize daktari kabla ya sindano: kitu hiki kimetoka wapi, na kama kipo kingine. Mara nyingi kingine kipo. Na ambaye moyo wake hautulii aende kwa sheikh wake na jina la dawa limeandikwa katika karatasi, asiende na tetesi.

Nimesema ya kuwa nitawaambia pia ni nani asiyefaa kulipiwa, na hapa huenda nikawaudhi baadhi ya rafiki zangu. Mwaka 1977 wataalamu walewale wa Gothenburg walichapa habari za wagonjwa waliopasuliwa fizi kwa njia mbalimbali, kisha wakaachwa bila ya kusafishwa kwa utaratibu. Hawakupona. Ugonjwa uliendelea kula mfupa wao baada ya kisu, njia yoyote iliyotumika. Kwa hiyo mwanachama ambaye baada ya kufundishwa na kukwanguliwa kinywa chake kingali kimejaa ukoga, asipasuliwe. Hilo si adhabu. Ni kumwepusha na jeraha lisilo na faida. Mvuta sigara hupona vibaya na hupata nusu ya faida, na wale wa tumbaku ya kutafuna na tambuu yenye tumbaku wasijidhani wamesalimika. Mwenye ugonjwa wa sukari ambao haujashikwa vizuri angojee mpaka sukari iteremke. Na kwa watu wa sukari liko jambo la kuwatia moyo: fizi zikitibiwa, sukari ya damu nayo huteremka, kwa kiasi kidogo lakini kinachopimika, kwa hiyo kliniki ya sukari na chumba cha meno vingepaswa kuwa majirani. Mwenye kutumia dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi, au aliyewekewa vali ya moyo, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, amweleze daktari wa fizi yote kabla ya siku ya kazi, wala asiache dawa yoyote kwa kusikia maneno ya mtu, hata maneno yangu.

Na hata anayefaa aambiwe ukweli. Uvimbe ukiondoka, ufizi huteremka. Meno huonekana marefu, baina yake hufunguka nafasi, maji ya baridi huchoma mizizi iliyo wazi kwa muda. Mwanachama mmoja alinijia baada ya kupasuliwa, amekasirika, akasema amelipa fedha ili afanane na farasi. Sikuwa na jibu zuri, ila nilimwomba aume muhindi wa kuchoma niliokuwa nao mezani, akauma, akaumaliza. Hao walioandika katika kumbukumbu ya kuwa haya ni mambo ya urembo wangekuwapo, wangeona ya kuwa urembo umepungua kidogo na chakula kimeongezeka.

Yako pia meno ambayo hayafai kuokolewa. Jino lililokwisha mfupa hadi ncha ya mzizi, linalocheza juu na chini kama kizibo, na ling'olewe, na Chama kilipe kama kanuni isemavyo. Sisemi dhidi ya koleo. Nasema dhidi ya koleo lisilopima.

Baada ya kisu mgonjwa hajamaliza. Atarudi kila baada ya miezi 3 au 4 kupimwa na kusafishwa, na hilo litaendelea maisha yake yote, ijapokuwa muda waweza kurefushwa kinywa kikitulia. Asiporudi, vifuko hurudi. Ninaposema na Kamati juu ya gharama, hili ndilo ninaloomba lisisahauliwe, kwa maana kulipia upasuaji na kukataa kulipia usafishaji wa baadaye ni kama kununua mashua na kumnyima nahodha kamba ya nanga.

Kwa hiyo katika kanuni mpya, kama mtakubali kuwa na kanuni mpya, ningependa iandikwe hivi. Chama kilipe kwanza kusafishwa na kukwanguliwa, kwa kila mwanachama ambaye fizi zake zinatoka damu, maana hiyo ndiyo kazi ya bei ndogo na inayookoa meno mengi. Kilipe upasuaji ikiwa barua ya daktari imeonyesha vipimo viwili, cha kabla ya kukwangua na cha baada ya miezi 3, pamoja na majina ya meno yanayokusudiwa. Na kilipe marudio ya mwaka wa kwanza. Barua isiyo na vipimo irudishwe kwa heshima. Kamati haina haja ya kuwa na udaktari ili kusoma tarakimu: 6 na zaidi, mahali gani, tarehe gani.

Yule mwanachama wa pili niliyemtaja mwanzoni amenipa ruhusa ya kusema ya kuwa vipimo vyake viwili vipo, na vimeambatishwa katika barua yake tangu mwezi wa Machi. Magego mawili na jino moja la chonge. Chonge lina shimo lenye kuta tatu katika mfupa, milimita 5, na ni shimo la namna ile ambayo daktari wa fizi hulipenda. Ameacha sigara tangu Januari. Sijui kama barua hiyo ilisomwa mpaka mwisho ilipokataliwa, na sitaki kujua.

Kura ni saa tisa. Kabla yake, nimeweka meza na taa upande wa pili wa ukumbi, karibu na mahali pa chai, na nimekuja na vijiti vya kupimia 60 vilivyochemshwa. Kupima mtu mmoja kwa haraka huchukua dakika 5. Ningeomba Wazee wa Kamati waanze.